Gazeti Lililofungia Vikombe

Wiki iliyopita nilipokea kifurushi kutoka Guangzhou, Uchina. Siku hizi, kama ujuavyo, mtu anaagiza kwa simu huku amejilaza, na baada ya wiki chache pikipiki inapiga honi mlangoni. Ilikuwa seti ya chai, buli moja na vikombe sita, zawadi yangu kwa mama ambaye kwa miaka amekuwa akinywea kikombe kilichomeguka mdomo na hataki kusikia kwamba kimemeguka. Tuliketi barazani kwake, hapa Mombasa, tukafungua. Kila kikombe kilikuwa kimevikwa nailoni ile yenye vipovu vya hewa ambavyo watoto hupenda kuvitumbua. Nikaivua nailoni ya kwanza, nikainyoosha juu ya goti kwa kiganja, mara moja, mara mbili, kisha nikaigeuza nyuma.

Mama akaniangalia, akacheka. "Watafuta nini humo? Hiyo haina maandishi."

Ni kweli, haikuwa nayo. Lakini mkono wangu una kumbukumbu zake, hauniombi ruhusa. Hadi leo siwezi kununua njugu za sumni bila kuikunjua ile karatasi iliyozifungia na kuisoma mpaka mwisho, hata kama ni ukurasa wa kitabu cha kemia. Mume wangu ananiita mpekuzi. Naam, mimi ni mpekuzi, na ngoja nikueleze nilikoupatia upekuzi huo na ulivyonitia aibu.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa mama aliponichukua kwenda kuishi naye Dengfeng, mtaa mmoja wa Guangzhou. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na bibi aliyekuwa akinilea alikuwa amechoka na maswali yangu. Mama alikuwa mfanyabiashara wa vyombo: vikombe, mabuli, sahani, chupa za chai. Alivinunua kwa jumla, akavifunga mwenyewe, akavipakia kwenye kontena pamoja na mizigo ya wenzake, vikaenda kwa wenye maduka Mombasa na Nairobi. Hakuamini ufungaji wa kiwandani hata kidogo. "Kiwanda hufunga kikombe kifike bandarini," alikuwa akisema. "Mimi nafunga kifike mezani."

Tulipanga vyumba viwili ghorofa ya sita, jengo lisilo na lifti. Kimoja cha kulala, kimoja cha mizigo. Dirishani ilipanda harufu ya mikate ya ufuta ya Waislamu wa kaskazini, waliokuwa na tanuri hapo chini, na ya nyama ya kondoo iliyochomwa kwa bizari. Zilipanda na sauti pia. Kuanzia asubuhi barabara ile ilijaa watu wa kila taifa na mifuko yao ya nailoni, wauza simu wakiita "Laoban! Laoban!", yaani bosi, na kila mtu alikuwa bosi, hata mimi niliyetumwa kununua vitunguu. Mama alikaanga mahamri katika karai la Kichina, na kwa kuwa mbaazi hazikupatikana alitia nazi ya kopo katika maharagwe fulani ya kijani ambayo hatukuwahi kuyajua jina. Tulikula, tukasema ni mbaazi.

Asubuhi nilisoma kwa mwalimu, msichana wa Kitanzania aliyekuwa akisomea udaktari na kutufundisha watoto watano katika chumba chake. Aliwahi kumwambia mama kwamba mimi nitakuwa ama polisi ama mwandishi. Mchana ulikuwa wa kazi, na kazi yangu ilikuwa kufunga vikombe. Usicheke, ile ilikuwa kazi yenye ufundi wake. Unalaza kikombe pembeni mwa karatasi, unakiviringisha nusu, unakunja ubavu wa kulia na wa kushoto, unaviringisha tena, kisha ncha unaisokomeza mdomoni mwa kikombe. Buli ndilo lenye taabu. Tumbo lake lazima ulijaze karatasi zilizofinyangwa ili lisipasuke, na mdomo wake unauviringishia ukanda kama kidole chenye jeraha. Kufikia miaka kumi nilikuwa hodari kuliko mama, naye alikiri.

Karatasi zenyewe zilikuwa magazeti ya Kichina. Tuliyanunua kwa kilo kwa mama mmoja aliyeokota karatasi mtaani, akapita na baiskeli yake ya magurudumu matatu akigonga kengele. Mama alimlalamikia kwa Kichina chake cha sokoni, "Tai gui le," ghali mno, naye akajibu "Meiyou," hakuna, bila kusema ni nini kisichokuwepo, wakacheka wote wawili na bei ikabaki palepale. Mimi niliyapekua kabla ya kuyatumia. Mji ule ulikuwa ukijengwa pasipo kupumzika, na magazeti yake yalikuwa na picha nyingi za majumba kuliko za watu.

Mama alikuwa na sharti moja tu. Karatasi yenye herufi za Kiarabu haifungii kitu wala haikanyagwi, maana huenda ina jina la Mwenyezi Mungu. Ikipatikana, iwekwe juu ya kabati. Kwa magazeti ya Kichina sharti hilo lilikuwa rahisi, lakini nililishika barabara. Kila karatasi niliikagua mbele na nyuma, haina Kiarabu, basi, halali.

Ghorofa ya chini kabisa aliishi jirani yetu, mzee wa Kisomali niliyemwita Ami. Alikuwa mtu wa Mogadishu ambaye baada ya vita alikaa miaka mingi Mombasa, hata Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu. Mama alimwita kaka, naye alimwita mama abaayo, ndiyo dada kwa lugha yao. Alinunua madaftari na kalamu Yide Lu, barabara ya maduka ya jumla, na kuyapeleka kwa wenye maduka wa Nairobi. Alikuwa mrefu, mpole, mpenzi wa kahawa ya tangawizi, na alikuwa na tabia moja iliyonishangaza: akipewa daftari jipya alifumba macho, akachezesha kurasa kwa kidole gumba sikioni, kisha akasema uzito wa karatasi yake. Hakukosea. Nilimuuliza alijifunzia wapi, akasema, "Njaani," na hakuongeza neno.

Sasa, Guangzhou ina msimu wake mmoja wa ajabu, mwanzoni mwa mwaka baridi inapoondoka. Kuta hutoa jasho. Sakafu inalowa bila mtu kumwaga maji, nguo hazikauki, daftari linavimba. Vyumba vya chini ndivyo huumia zaidi. Siku moja nilipokuwa darasani, Ami alipanda ngazi zote zile akiwa amebeba boksi la tambi, akamwomba mama amhifadhie huku juu mpaka unyevu upite. Mama akaliweka chini ya dirisha la chumba cha mizigo. Mama anasema aliniambia. Mimi nasema hakuniambia. Hadi leo hatujakubaliana.

Siku mbili baadaye mama alikwenda kwa wakala wa mizigo kulilia nafasi kwenye kontena. Lori lilikuwa lije alasiri. Zilibaki katoni nne za vikombe na moja ya mabuli, na nilikuwa nimeahidi kwamba akirudi atakuta zimefungwa. Mvua ikanyesha. Mama wa karatasi hakupita. Nilichungulia dirishani mpaka shingo ikaniuma, sikusikia kengele. Magazeti yalipokwisha nikazunguka chumbani kutafuta, nikaliona boksi la tambi, nikalifungua.

Ndani mlikuwa na karatasi, tena nyingi, zimepangwa na kufungwa kwa uzi. Hazikuwa za Kichina. Zilikuwa za herufi kama zangu, zimepigwa taipu, wino umetawanyika, mistari mingine imekwenda upogo. Nikazisoma kwa sauti bila kuelewa neno. Hazikuwa na picha hata moja. Na nyuma yake! Nyuma ya moja palikuwa na mtihani wa hesabu wa mtoto, na alama ya mwalimu kwa kalamu nyekundu. Nyuma ya nyingine palikuwa na chati ya homa ya mgonjwa. Nyingine zilikuwa fomu za forodha, nyingine orodha ya chakula ya hoteli, nyingine nusu ya ramani ya mashamba ya ndizi. Na kila baada ya karatasi mbili nilikuta ukurasa uliojaa majina ya watu, safu mbili, kutoka juu hadi chini.

Nitakwambia kweli. Moyo ulinisuta. Hakuna mtu anayefunga takataka kwa uzi. Lakini niliangalia kama kuna Kiarabu, sikuona Kiarabu, na lori lilikuwa njiani, nami nilitaka sana mama aingie akute kazi imekwisha, anisifu. Nikaanza kufunga. Kila karatasi niliitazama mbele na nyuma kwanza, kwa hamu, kisha nikaiviringisha. Vikombe vilipokwisha nikaingia kwenye mabuli. Hapo muda ulikuwa umebana, nikawa nafinyanga tu karatasi na kuzisokomeza matumboni, moja juu ya nyingine. Hilo la mabuli liweke akilini.

Lori likaja, katoni zikashuka. Mama akanisifu, akaninunulia mkate wa ufuta mzima wa peke yangu.

Kesho yake jua likatoka, na Ami akapanda kuchukua boksi lake. Mama alimwelekeza chini ya dirisha huku akikoroga uji. Akaliinua, akaona lilivyo jepesi. Ndani mlikuwa na uzi peke yake. "Lile boksi la Ami lina nini?" mama akaniuliza, akaniona uso, akajua. Nikasema nilichofanya. Mama alijiziba mdomo kwa leso yake. Ami aliketi juu ya katoni.

"Magazeti yote?" akauliza.

"Yote."

Nilitaraji kofi. Badala yake akaniuliza swali ambalo sikulitegemea kabisa. "Uliyaangalia?"

Nikasema niliyaangalia. Akaniuliza niliona nini, nikamwambia: mtihani, chati ya homa, ndizi, hoteli, majina. Nilivyozidi kutaja ndivyo alivyozidi kuinama kunisogelea. Mwisho akashuka chini na kurudi na daftari jipya, akaandika yote niliyosema. Tangu siku hiyo, kila nikitoka kwa mwalimu, niliketi kibarazani pake. Mimi nilikumbuka, yeye aliandika. Na kwa kuwa kuuliza si ujinga, nami niliuliza.

Hivyo ndivyo nilivyolijua lile gazeti. Vita vilipoingia Mogadishu, alinieleza, mji ulikatwa vipande viwili, na wa upande huu hawakuweza kuvuka kwenda upande ule. Mizinga ilipigwa kila siku. Redio zilisema uongo, kila redio uongo wake. Matbaa kubwa ziliporwa mpaka misumari. Yeye alikuwa mpiga chapa, na yeye na wenzake wawili waliokoa mashine moja ya stensili kutoka shuleni, ile ya kuzungusha kwa mkono, wakaificha nyuma ya duka la nyuzi. Karatasi hazikuwepo, wakatumia mgongo wa kila kilichokwisha kuandikwa. Ndiyo maana alijua uzito wa karatasi kwa sikio: nyembamba mno ilichanika kwenye mashine, nene mno ilinywa wino wote. Wino nao waliutia mafuta ya taa ili usogee. Gazeti lilikuwa karatasi mbili, kila moja imegawanywa kurasa mbili upande mmoja, na nyuma yake maisha ya watu wengine.

"Mliandika nini?" nilimuuliza.

Mwanzoni, alisema, waliandika nani kashinda wapi, mpaka wakagundua wasomaji hawaulizi hayo. Waliuliza kisima gani kina maji leo, mkate uko wapi, njia ipi ina mtu wa bunduki. Wakaandika hayo. Kisha akaja mwanamke mmoja na kusema, andikeni jina langu, muandike kwamba nimelala msikitini, mume wangu yuko upande wa pili, huenda akasoma. Wakaliandika. Kesho yake walikuja watu arubaini. Ukurasa wa nne ukawa wa majina tangu siku hiyo, na juu yake maneno *Way nool yihiin*, wako hai. Aliyafundisha mdomo wangu mpaka nikayasema sawasawa. Wanawake wauza nyanya, ambao peke yao waliachwa wapite, waliyavusha magazeti kwenda upande wa pili chini ya nyanya zao. Wasomaji walilisoma gazeti moja mpaka likachanika mikunjo, kisha wakampa mwingine.

"Na waliokufa?"

"Hao hatukuwaandika. Maiti hana wa kumtafuta. Nafasi ilikuwa ndogo."

Nilimuuliza kama na yeye aliandika jina lake. Akapuliza kahawa ambayo ilishapoa. Kisha akanieleza habari ya binti yake. Alikuwa na miaka minane, amekwenda kwa shangazi yake siku ile ile njia ilipofungwa. Nyumba ya shangazi ikapigwa. Wiki tatu hakusikia neno. Asubuhi moja muuza nyanya akaleta majina kutoka upande wa pili, naye akayapiga taipu, jina baada ya jina, mpaka akajikuta anapiga jina la mtoto wake mwenyewe: yuko kwa mama muuza chai, nyuma ya kinu. Alilizungusha gazeti lile kwa mkono wake nakala mia tatu. Njia ilipofunguka siku kumi baadaye alikimbia hadi nyuma ya kinu. Nyumba ilikuwa wazi, mlango haupo, watu wamekimbia. Tangu hapo hakumwona.

"Sina picha yake," akaniambia. "Picha ziliungua. Nina ile karatasi. Nyuma yake mna mtihani wa hesabu."

Rafiki yangu, nilikuwa mtoto wa miaka kumi na nilielewa kabisa nilichokifanya. Machozi yalinitoka bila kelele. Ami akaniwekea mkono kichwani na kuniuliza kwa upole, "Yote ulifungia vikombe? Uliyaviringisha vizuri?"

"Yote," nikasema. "Vizuri."

Kuhusu mabuli sikusema. Sikuweza. Nilijua mitihani ilikuwa mingi, na nilijua baadhi yake nimeifinyanga. Nani duniani hukunjua tonge la karatasi linalotoka tumboni mwa buli? Linatupwa hapo hapo. Nilijua hayo yote nikasema "vizuri", na uongo ule nikaubeba mwaka mzima na mingine mingi iliyofuata.

Mama alimpigia simu mwenye duka wa Eastleigh, mtaa wa Wasomali Nairobi, aliyeagiza mzigo ule. Kontena lilikuwa baharini, lingechukua mwezi na zaidi. Mwenye duka akasema hakuna tabu, mama, karatasi ataziweka. Ami alikuja kila Ijumaa kuuliza meli imefika wapi, mimi nikajificha jikoni na kuosha mchele uliokwisha kuoshwa. Lakini mzigo ulipofika, wasaidizi wa dukani waliuza vikombe kama vilivyo, na karatasi zake, kwa siku mbili nzima, kabla mwenye duka hajakumbuka ahadi yake. Mama aliposikia alikaa kitako sakafuni. Ami alisema tu, "La kuvunda halina ubani," akashuka ngazi taratibu akishika ukuta.

Kisha mwenye duka akapiga simu tena. Mama aliweka sauti juu, na mpaka leo naisikia.

"Mama, hizi karatasi umetoa wapi? Duka imejaa! Hawanunui kitu, wanasoma tu. Kuna mzee amerudisha kikombe anasema abaki na karatasi. Kuna shosho mmoja mzee sana ameona jina ya ndugu yake, ameketi hapa kwa counter tangu asubuhi, nimeshindwa kumtoa. Sasa nauza vikombe ama nauza gazeti?"

Mama akaanza kucheka, akaanza kulia. Akaniambia nikimbie nikamwite Ami. Nilishuka ghorofa sita bila kugusa kidato, nadhani.

Ami aliongea simuni kwa Kisomali na watu waliojaa dukani, kwa muda mrefu. Aliomba jambo moja, kwamba kila mwenye karatasi airudishe, na kama ana habari ya jina lolote, aandike pembeni. Karatasi zikaanza kurudi, moja moja, kumi kumi, mikononi mwa wafanyabiashara waliokuja Guangzhou kununua mali. Wengi hawakutujua, walipanda ngazi wakihema na kuuliza, "Ndio hapa kwa gazeti?" Mama akawapa chai na mahamri. Kuna karatasi zilirudi zimepigwa pasi. Na pembezoni, kwa kalamu za kila rangi, watu walikuwa wameandika. Ami alinitafsiria huku akizisoma. Huyu yuko Nakuru, ana duka la nyama. Huyu alivuka bahari, ana watoto wanne. Huyu alifariki kambini, Mungu amrehemu. Huyu ni mume wangu, asante, tumezeeka. Gazeti lililokaa miaka kumi na mitano sandukuni lilikuwa likijibiwa na wasomaji wake.

Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi vile. Alisahau hata kuuza madaftari.

Baada ya miezi minne hazikuja tena. Ami alizihesabu, akazipanga kwa tarehe. Kumi na tisa hazikurudi. Ile yenye jina la binti yake ilikuwa miongoni mwa hizo. Mimi nilingoja aumie. Lakini alituangalia mimi na mama, macho yanamng'aa.

"Watu wote wamerudisha," alisema. "Hata yule aliyekuta jina la mamake amerudisha. Ni nani basi asiyeweza kurudisha karatasi? Ni yule aliyekuta jina lake mwenyewe, abaayo. Ningekuwa mimi, ningeirudisha?"

Wiki mbili baadaye aliuza shehena yake yote, akakata tiketi ya Nairobi. Alikwenda kumtafuta msichana aliyenunua kikombe Eastleigh. Mimi nilibeba begi lake dogo mpaka kwenye daraja la wapita njia, na njia nzima neno "mabuli" lilikuwa mdomoni mwangu. Alinipa mkono kama mtu mzima. Akaniambia, "Endelea kuangalia nyuma ya karatasi." Nikasema inshallah. Akapanda teksi. Alipiga simu mara moja kutoka Eastleigh, mara nyingine kutoka Garissa, akisema bado anauliza. Kisha namba yake ikanyamaza.

Nilirudi Dengfeng mara moja, nikiwa mtu mzima. Jengo letu limepakwa rangi na chini kuna duka la simu lenye vioo. Tanuri ya mikate imehamia ndani ya mgahawa. Niliuliza habari za mama wa karatasi, watu wakashangaa kwamba kuna wakati mtu alinunua magazeti kwa kilo. Siku hizi hata wao hawayasomi. Unyevu tu ndio uliobaki. Niliweka kiganja ukutani, kikalowa.

Basi wiki iliyopita, tukiwa barazani na ile seti ya chai, mama alipocheka kwamba nailoni haina maandishi, kitu kikanifunguka. Nikamwambia. Miaka yote hii, nikamwambia, nilimdanganya Ami. Zile zilizopotea nilizifinyanga ndani ya mabuli. Hakuna msichana aliyebaki na karatasi. Nilimwacha akaenda kutafuta tonge la takataka.

Mama hakushtuka. Alifuta kikombe kwa upindo wa leso, akakiweka chini.

"Nalijua," akasema. "Magazeti yalikuwa yamekwisha, mabuli ungeyajaza nini? Na nalimwambia, usiku wa kuamkia safari yake. Siwezi kumwacha mtu aende hivyo."

"Akasema nini?"

"Alisema alikuwa ashajua tangu siku ya kwanza. Ulimhesabia kila karatasi mbele na nyuma, lakini mabuli hukuyataja hata mara moja, na mabuli yalikuwa kwenye mzigo. Akasema kazi yake ilikuwa kuona kisichoandikwa." Mama akachukua kikombe kingine, akakifuta. "Akasema, 'Abaayo, miaka kumi na mitano nimekaa na karatasi nikidhani namtafuta mwanangu. Nilikuwa naitunza karatasi. Sasa haipo, lazima niende mwenyewe.' Na akanikataza kukwambia. Akasema mwache mtoto, akikua atauliza."

Nililia pale barazani, na umri huu. Miaka ishirini na kitu nilikuwa nimengoja kusamehewa na mtu aliyekwisha kunisamehe nikiwa bado na mkate wa ufuta mdomoni, na mimi, mpekuzi wa kila karatasi, hilo sikuliuliza.

Mama aliniacha nilie, kisha akanisogezea buli, lililokuwa halijafunguliwa, nilimalize. Nikalivua nailoni. Ndani ya tumbo lake vidole vyangu viligusa kitu. Tonge la karatasi. Nikalitoa, nikalikunjua gotini, nikalinyoosha kwa kiganja. Ilikuwa karatasi nyeupe, tupu.

"Haina kitu," nikasema.

"Angalia na nyuma," mama akasema.